Nani Anaruhusiwa Kufundisha Kiingereza Ulaya?

Oktoba 1904 kijana wa miaka 22 kutoka Dublin alishuka kwenye treni mjini Zürich akiwa na mwenzi wake, pesa chache na ahadi ya kazi. Wakala mmoja wa Uingereza alikuwa amemhakikishia kwamba shule ya Berlitz ya mji huo inamsubiri aje kufundisha Kiingereza. Alipofika, nafasi haikuwapo. Akaelekezwa Trieste, bandari kuu ya dola ya Austria-Hungaria, na huko pia akakuta hakuna kazi. Mwishowe alipata darasa Pola, mji wa wanamaji ulio kusini zaidi, akawa anawafundisha maofisa wa jeshi la majini kwa pauni mbili kwa wiki, saa 16 za kusimama mbele ya wanafunzi. Kijana huyo alikuwa James Joyce. Mwaka uliofuata alirudi Trieste, na mdogo wake Stanislaus akamfuata huko kufanya kazi hiyohiyo.

Kwa karibu miaka kumi ndugu hao waliishi kwa kufundisha Kiingereza katika nchi isiyo yao. Enzi hizo mtu aliweza kuvuka sehemu kubwa ya Ulaya bila kuonyesha pasipoti, na shule ilichotaka ni mwalimu mwenye lugha na koti safi. Vita vilipolipuka 1914 wakageuka raia wa nchi adui. Stanislaus alikamatwa Januari 1915 na kuwekwa kizuizini hadi vita vikaisha. James aliruhusiwa kuondoka kwenda Uswisi katikati ya mwaka huo. Kiingereza chao kilikuwa kilekile cha mwaka uliotangulia, na wapo watu wa Trieste waliokuwa bado wanakitaka. Kilichoamua hatima yao ni uraia.

Zaidi ya karne moja baadaye, bado ndivyo soko la walimu wa Kiingereza linavyofanya kazi. Mkenya, Mganda au Mtanzania anayetafuta kazi ya kufundisha Kiingereza Ulaya huanza kwa kujiuliza kama Kiingereza chake kinatosha, kama lafudhi yake itakubalika, kama cheti alichokisomea mtandaoni kina uzito. Ni maswali ya haki. Lakini mkurugenzi wa shule ya lugha Madrid, Milano au Munich, kabla hajafungua wasifu wa mwombaji, huwa na swali moja: je, huyu anaruhusiwa kufanya kazi hapa tayari? Jibu likiwa hapana, mara nyingi ombi huishia hapo, hata kama mwombaji ana shahada ya uzamili na uzoefu wa miaka kumi. Anayetaka kuingia katika kazi hii hana budi kuupindua mpangilio wa kawaida wa kutafuta kazi. Atafute kwanza hadhi ya kisheria inayomruhusu kuishi na kufanya kazi, ndipo aitafute shule.

Waingereza wenyewe wamejifunza hili majuzi. Hadi Desemba 2020, kijana wa Manchester aliyemaliza kozi ya wiki nne alipanda ndege Septemba, akazungukia shule za Seville kwa siku chache, na wiki iliyofuata akawa darasani. Tangu 1 Januari 2021, Uingereza ilipomaliza kipindi cha mpito cha kutoka Umoja wa Ulaya, kijana huyo ni mgeni kama Mkenya mbele ya sheria ya kazi. Tofauti iliyobaki ni ya viza: yeye anaweza kuingia na kukaa siku 90 katika kila siku 180 bila kuomba, Mkenya hawezi. Aliyenufaika na mabadiliko hayo ni Muirishi. Nchi za Umoja ambako Kiingereza ni lugha rasmi ya taifa zima zimebaki mbili tu, Ireland na Malta, na pasipoti zake zimepanda thamani kwa walimu kuliko diploma yoyote.

Hakuna kitu kinachoitwa kibali cha kazi cha Ulaya. Ibara ya 79 ya Mkataba wa Utendaji wa Umoja wa Ulaya inaiachia kila nchi mamlaka ya kuamua ni wageni wangapi kutoka nje ya Umoja wataingia kutafuta kazi kwake. Kuna sheria nyingi kama zilivyo nchi, na kinachowezekana Berlin huenda kisiwezekane kabisa Roma. Lakini zipo desturi zinazofanana. Katika nchi nyingi mwajiri anayetaka kumleta mtu kutoka nje hutakiwa aonyeshe kwamba amekosa mtu anayefaa miongoni mwa raia na wakaazi halali. Kwa kazi ya kufundisha Kiingereza hilo ni gumu kulithibitisha, kwa sababu Ulaya ina Wairishi, Wamalta, Waholanzi na Waswidi wanaokizungumza kwa ufasaha mkubwa, pamoja na Wamarekani na Waingereza waliooa au kuolewa huko.

Hata pale sheria inapofungua mlango, kalenda huufunga. Shule ya kawaida ya lugha katika mji wa Hispania au Italia ni biashara ndogo: vyumba vichache, walimu watano au sita, mikataba ya kuanzia Oktoba hadi Juni. Wazazi huandikisha watoto Septemba, na ni hapo tu mwenye shule anapojua atahitaji walimu wangapi. Kibali cha mtu wa nje huchukua miezi. Mwenye shule angetakiwa aombe kibali Machi kwa ajili ya darasa ambalo hajui kama litakuwapo, alipie mwanasheria, kisha mwalimu mwenyewe aondoke Juni. Hafanyi hivyo, na si kwa sababu ya chuki. Hesabu hazikubali. Ndiyo maana ni kupoteza umeme na bando kutuma barua pepe 200 kwa shule za aina hiyo kutoka Nairobi au Arusha.

Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, kibali ambacho nchi huwapa wasomi wa kutoka nje wenye mshahara wa juu, inayosifiwa sana na mawakala, nayo inahitaji kuangaliwa kwa macho makavu. Ujerumani kwa mwaka 2025 ilitaka mshahara wa angalau euro 48,300 kwa mwaka, au euro 43,759.80 kwa kazi zenye uhaba wa watu. Tangu Novemba 2023 orodha ya kazi zenye uhaba inajumuisha walimu, wa shuleni na wa nje ya shule. Kwenye karatasi, mwalimu wa Kiingereza anaweza kuingia. Tatizo ni mshahara: shule ya lugha inayolipa kwa saa haifiki huko hata kwa mbali. Inayofika ni shule ya kimataifa yenye mtaala wa Cambridge au wa Baccalaureate ya Kimataifa, nayo humtaka mwalimu kamili, mwenye shahada ya ualimu na miaka ya darasani. Jambo hilo linawafaa baadhi ya wasomaji wa safu hii kuliko wanavyodhani, na litarudiwa hapa chini.

Njia ya zamani kuliko zote ni ya wasaidizi wa lugha. Ufaransa na Uingereza zilianza kubadilishana vijana wa kusaidia madarasa ya lugha mwaka 1905, na mpango huo ungali hai. Msaidizi wa Ufaransa hufanya kazi saa 12 kwa wiki katika shule za serikali, kuanzia 1 Oktoba hadi 30 Aprili. Hispania ina mpango mkubwa zaidi: kwa miaka mingi posho yake ilikuwa euro 700 kwa mwezi kwa saa 12 za wiki katika mikoa mingi, na euro 1,000 kwa saa 16 mkoani Madrid. Si utajiri. Madrid chumba kimoja kinaweza kumeza nusu ya posho hiyo. Faida yake kubwa ni karatasi: serikali inayokualika ndiyo inayotoa viza, kwa hiyo hakuna mwajiri wa kumshawishi na hakuna mtihani wa soko la ajira.

Mipango hii inaongozwa na orodha za uraia. Mwombaji wa Hispania hupimwa kwanza kama nchi yake imo. Zimo Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, na pia Ufilipino, nchi ambako Kiingereza ni lugha rasmi lakini watu wengi hukulia katika lugha nyingine nyumbani. Hapo pana jambo la kutafakari. Wizara ya elimu ya Hispania ilikwisha kukubali kwamba Kiingereza cha Manila kinafaa darasani. Katiba ya Kenya ya 2010 inakitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi sambamba na Kiswahili, Uganda inakitumia bungeni na mahakamani, na mtoto wa sekondari Tanzania husoma fizikia na masomo mengine kwa Kiingereza. Nafasi katika orodha hizi hupatikana kwa makubaliano ya serikali na serikali. Mazungumzo ya ajira za nje katika Afrika Mashariki yamejaa wauguzi, madereva, na wafanyakazi wa ndani wa nchi za Ghuba; walimu wa lugha hawasikiki. Mabalozi wetu wangeweza kulidai hili kwa gharama ndogo mno, kwa kuwa mlango upo na umekwisha kufunguliwa kwa wengine.

Na si jambo geni kwetu. Marekani, kupitia mpango wa Fulbright wa walimu wa lugha za kigeni, kwa miaka mingi iliwachukua vijana wa Kenya na Tanzania kwa mwaka mmoja wa masomo wakafundishe Kiswahili katika vyuo vyake. Walipewa viza, posho, makazi, na darasa. Wengi wa vijana hao kitaaluma ni walimu wa Kiingereza. Mtu huyohuyo, akiwa na vyeti vilevile, akiomba kufundisha somo alilosomea shahada katika mji mdogo wa Ulaya hapati hata jibu.

Njia ya pili ni masomo. Mwanafunzi wa kigeni ana haki ya kufanya kazi kwa kiasi: Ufaransa saa 964 kwa mwaka, Hispania hadi saa 30 kwa wiki tangu mageuzi ya 2022, Ireland saa 20 kwa wiki wakati wa muhula na 40 wakati wa likizo, Ujerumani siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka tangu Machi 2024. Wengi husoma takwimu hizi wakafurahi, wakasahau mstari unaofuata. Ruhusa ya mwanafunzi Ujerumani ni ya kuajiriwa. Kujiajiri kunahitaji ruhusa nyingine ya ofisi ya wageni, na shule nyingi za lugha hazimwajiri mwalimu: humlipa kwa saa kama mtu aliyejiajiri, kwa ankara. Mwanafunzi anayepokea darasa la jioni bila ruhusa hiyo, hata kama ni la mtoto wa jirani, anauweka ukaazi wake rehani kwa euro 20.

Kujiajiri kwenyewe kunastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu Ujerumani ni nchi kubwa ya Ulaya ambako mwalimu wa lugha kutoka nje anaweza kupata ukaazi bila mwajiri. Sheria ya kodi ya nchi hiyo inauhesabu ualimu kuwa taaluma huru, pamoja na udaktari, uandishi na usanii. Kifungu cha 21 cha sheria ya ukaazi kinaruhusu mgeni kupewa kibali kwa ajili ya taaluma huru. Mwombaji hupeleka mpango wa mapato, ushahidi wa bima ya afya, vyeti vyake, na barua kutoka kwa shule au kampuni zinazosema zina nia ya kumpa saa za kufundisha. Akiwa amezidi miaka 45 huulizwa pia atakula nini uzeeni. Barua mbili au tatu zenye idadi ya saa na malipo ya kila saa huwa na nguvu kuliko kurasa 40 za mpango wa biashara.

Barua hizo ndiyo kazi. Mmarekani, Mkanada, Muaustralia, Mwingereza, Mjapani, Mkorea Kusini, raia wa Israel na wa New Zealand wanaruhusiwa kuingia Ujerumani bila viza kisha kuomba kibali wakiwa humo humo nchini. Mmarekani hukodi chumba Berlin, akapita shule moja baada ya nyingine, akafundisha somo la majaribio, na kabla ya siku 90 kwisha ana barua mkononi. Raia wa nchi zetu hana budi kuomba viza katika ubalozi nyumbani kabla ya kusafiri, maana yake akusanye barua kutoka kwa watu ambao hawajamwona. Inawezekana. Wanaofaulu mara nyingi ni wale wenye jambo la pekee la kuuza: mhasibu anayefundisha Kiingereza cha uhasibu, muuguzi wa zamani anayeijua lugha ya wodini, mwalimu aliyeandaa watahiniwa wa mtihani wa Kiingereza wa IELTS kwa miaka mingi. Shule za Frankfurt na Stuttgart hupata kazi nyingi kutoka kwa makampuni, na kampuni ya vipuri vya magari haihitaji mtu wa kuwaambia wahandisi wake habari za chai ya Uingereza. Inahitaji mtu atakayewafundisha kuongoza kikao cha simu na mteja wa Nairobi au Pune.

Wanaofika salama huangukia mtego mwingine, na huu huwanasa hata Wamarekani. Mwalimu aliyejiajiri Ujerumani, asiye na mfanyakazi aliyemwajiri, analazimika kisheria kuchangia mfuko wa pensheni wa taifa. Wasanifu majengo na washauri wa kompyuta waliojiajiri hawana lazima hiyo, walimu wanayo. Kiwango ni asilimia 18.6 ya mapato, na kwa kuwa hakuna mwajiri wa kugawana naye, mwalimu hubeba yote. Hakuna anayekuja kumgongea mlango kumweleza. Miaka mitatu au minne baadaye barua hufika ikidai malimbikizo, wakati pesa zilikwisha liwa zamani kwa kodi ya nyumba na bima. Mwalimu anayepanga bei yake ya saa bila kuhesabu asilimia hizo, bima ya afya, na wiki za likizo zisizolipwa, anafanya kazi kwa hasara bila kujua. Jambo hili lingepaswa kuwa ukurasa wa kwanza wa kila kitabu cha mwongozo, lakini wauzaji wa kozi hawalitaji.

Mwaka 2022 ardhi ilitikisika. Tarehe 28 Juni mahakama ya juu ya masuala ya hifadhi ya jamii ya Ujerumani iliamua kesi ya mwalimu wa piano wa shule ya muziki ya mji wa Herrenberg. Shule ilimhesabu kuwa amejiajiri. Mahakama ikasema la: alifundisha katika vyumba vya shule, kwa ratiba ya shule, bila mteja wake mwenyewe, kwa hiyo ni mwajiriwa na shule ilipaswa kumchangia. Uamuzi kuhusu piano uligeuka kuwa uamuzi kuhusu kila anayefundisha kwa saa. Vyuo vya elimu ya watu wazima, vilivyo mamia kote nchini, na shule binafsi za lugha zikaanza kuhesabu upya mikataba yao, hadi bunge likaingilia mwanzoni mwa 2025 kwa sheria ya muda wa mpito. Kwa mwalimu raia, kuajiriwa ni nafuu: likizo yenye malipo, mwajiri anayechangia pensheni. Kwa mwalimu mgeni mwenye kibali cha kujiajiri, mabadiliko hayohayo yanaweza kuwa balaa, kwa sababu kibali chake kilitolewa kwa ajili ya kujiajiri, si kuajiriwa. Anayeomba sasa ajitahidi kupata wateja wake wa moja kwa moja, na aulize shule mapema kama bado inawachukua waliojiajiri.

Tangu 1 Juni 2024 Ujerumani ina njia nyingine, kadi ya fursa, inayomruhusu mwenye shahada au mafunzo ya ufundi yanayotambuliwa kuingia kwa mwaka mmoja kutafuta kazi. Inahitaji alama sita zinazohesabiwa kwa umri, uzoefu, lugha na mengineyo, na kwa sharti la lugha Kiingereza cha kiwango cha B2, katika mizani ya Ulaya ya viwango vya lugha, kinatosha pasipo Kijerumani. Humruhusu mtu kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati anatafuta. Mwalimu anaweza kukutana ana kwa ana na shule zinazotaka kumwona, jambo ambalo Mmarekani amelifanya miaka yote. Kikwazo ni pesa: kwa mwaka 2025 mwombaji asiye na kazi alitakiwa kuonyesha euro 1,091 kwa kila mwezi wa kukaa, kwa kawaida katika akaunti iliyozuiwa. Kwa mwaka mzima ni euro 13,092, karibu shilingi milioni mbili za Kenya. Walimu wa shule za umma wenye kiasi hicho mkononi ni wa kutafuta kwa tochi.

Hapo ndipo madalali wanapoingia. Septemba 13, 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira, na kabla wino haujakauka habari zilienea kwamba Wakenya 250,000 watapewa kazi. Wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ilikanusha: makubaliano hayana idadi yoyote, na kila mwombaji anapimwa kwa sheria zilezile za wafanyakazi wenye ujuzi. Yeyote anayeuza "nafasi ya mwalimu wa Kiingereza" kwa ada ya usajili, akidai imo katika mgao huo, anauza hewa. Shule halali haimtozi mwalimu pesa ili imwajiri.

Lipo pia suala la mtu aliyezaliwa na lugha. Matangazo ya Hispania na Italia bado yanatafuta "mzawa wa lugha", na wote wanaelewa sura inayokusudiwa. Mtaalamu Robert Phillipson aliikosoa imani hiyo katika kitabu chake cha 1992, akaiita dhana potofu, na Adrian Holliday ameandika kwa miaka 20 namna inavyogeuka ubaguzi dhidi ya walimu wazuri. Sheria nayo imesema. Desemba 2002 Kamisheni ya Ulaya ilieleza kwamba mwajiri anaweza kudai kiwango cha juu sana cha lugha pale kazi inapohitaji, lakini kumtaka mtu awe mzawa wa lugha hakukubaliki. Ila kauli hiyo inamlinda raia wa Umoja anayehama kutoka nchi moja hadi nyingine, kama mwalimu Mpolandi aliyeko Italia. Mtu wa nje ana Agizo namba 43 la mwaka 2000, linalokataza ubaguzi wa rangi na asili katika ajira, nalo linamhusu kila mtu aliye ndani ya Umoja. Lakini agizo hilo linasema wazi kwamba halihusu utofauti unaotokana na uraia. Shule ikikukataa kwa rangi imevunja sheria. Ikikukataa kwa kuwa huna kibali, haijavunja. Na yenye nia ya kwanza hujificha kirahisi nyuma ya sababu ya pili.

Anayefikiria kuitegemea mahakama aitazame kesi ya wahadhiri wa lugha wa Italia. Pilar Allué, Mhispania aliyefundisha Chuo Kikuu cha Venice, alishinda katika Mahakama ya Ulaya mwaka 1989: Italia haikuruhusiwa kuwawekea wahadhiri wageni wa lugha ukomo wa mikataba ambao wafanyakazi wengine hawakuwekewa. Italia ikashindwa tena 1993, tena 2001, tena 2006. Mskoti David Petrie wa Verona aliongoza chama cha wahadhiri hao kwa miaka mingi, wenzake wakistaafu bila haki zao. Julai 2023 Kamisheni iliamua kuipeleka Italia mahakamani upya kwa suala hilohilo. Hao walikuwa na pasipoti za Umoja, mawakili, na hukumu mkononi. Mwalimu kutoka Kisumu asiweke kesi ya ubaguzi katika mpango wake wa mwaka wa kwanza.

Alichonacho kwa hakika ni bora zaidi, naye hukidharau. Shule nyingi za binafsi za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam hufundisha mtaala wa Cambridge. Mwalimu mwenye shahada ya elimu aliyeandaa watahiniwa wa IGCSE, mtihani wa sekondari wa mtaala huo, kwa miaka mitano anazungumza lugha ambayo mkuu wa shule ya kimataifa ya Lisbon au Prague anaielewa mara moja, na shule za namna hiyo zina uwezo na mazoea ya kuomba vibali. Huyo asishindanie saa za jioni za shule ya lugha. Atume maombi kati ya Novemba na Machi, wakati shule za kimataifa zinapopanga walimu wa Agosti. Asiye na shahada ya ualimu atahitaji cheti chenye mazoezi ya kweli. Cheti cha CELTA cha Cambridge kina takriban saa 120 na lazima ufundishe saa sita mbele ya wanafunzi halisi huku ukitazamwa. Hakimtaki mtu awe mzawa wa lugha, kinamtaka awe na kiwango cha juu. Vyeti vya mtandaoni vya wikendi moja, visivyo na darasa hata moja, wakurugenzi wa shule nzuri hawavihesabu.

Kuna kundi moja ambalo tayari lina kile kilicho kigumu kupatikana, na wengi wao hawajui. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Ulaya kama wenza wa ndoa ni wengi. Agizo la 2004 kuhusu familia za raia wa Umoja linampa mwenza wa Mholanzi anayeishi Hispania, au wa Mjerumani anayeishi Ubelgiji, haki ya kuajiriwa na kujiajiri bila kujali uraia wake mwenyewe. Ujerumani, kibali cha ukaazi cha mke au mume aliyekuja kwa msingi wa familia kinaruhusu kazi ya aina yoyote. Mkongomani au Mrundi aliyetambuliwa kuwa mkimbizi Ubelgiji ana haki ya kufanya kazi, na wapo miongoni mwao waliosoma Kampala au Nairobi miaka mingi, wanaofanya usafi wa ofisi huku shule ya mtaa wa pili ikitafuta mwalimu wa Kiingereza wa watoto.

Wasifu wa mtu wa kundi hili kwa kawaida huanza na jina, tarehe ya kuzaliwa na uraia: Mkenya, Mrundi, Mkongomani. Msomaji wake huishia hapo, akidhani kuna kibali cha kuombwa. Uraia si lazima utajwe. Mahali pake paandikwe, kwa lugha ya nchi husika, aina ya kibali cha ukaazi, tarehe kinapokwisha, na kwamba mwenyewe anaweza kuanza kazi bila mwajiri kuomba chochote. Chini yake viwekwe cheti cha lugha cha kiwango cha C1 au C2 na somo la majaribio analojitolea kulifundisha bure. Barua hiyo ifike shuleni wiki ya kwanza ya Septemba, siku zile ambazo mkurugenzi ameandikisha watoto kupita kiasi na mwalimu wake mmoja amepiga simu kusema hatarudi.